Herufi za Gari la Mkate

Katika miaka ile ya soko huria, Mwanza yote ilikuwa inakimbilia vitu vipya. Redio mpya, mabati mapya, viatu vipya ambavyo huko vilikotoka vilishachoka, lakini kwetu vilikuwa vipya. Na katikati ya mbio hizo alikuwepo mwanamke mmoja wa Igogo aliyekuwa anakimbia kwa kurudi nyuma. Jina lake Najat binti Salum, mpiga picha. Ungemkuta mchana wa jua kali amechutama mbele ya lori bovu la pamba, mtandio ameufunga nyuma ya shingo, anambembeleza dereva alisogeze kidogo ili kivuli cha nguzo ya umeme kisiangukie mlango. Lori lenyewe haliwaki. Basi dereva na utingo wake wanashuka na kulisukuma, huku wanacheka.

Mtaani walishamzoea. Walisema ana kaugonjwa kake, lakini kwa picha za harusi hakuna wa kumgusa. Hilo lilikuwa kweli tupu. Kwenye shughuli za akina mama wa Kiislamu mpiga picha mwanamume havuki mlango, na kwa miaka mingi ukitaka mwanamke mwenye kamera mjini ulielekezwa kwake. Akitokea tu uani, wale waliokuwa wamejikalia na kanga za nyumbani wanakimbilia chumbani kubadilisha.

Kazi aliipata kwa njia ya baba yake. Mzee Salum alikuwa mwandika magari. Siku zile gari la mzigo lisilo na maandishi lilikuwa sawa na mtu asiye na jina, na aliyetoa majina ni yeye: lori la soda, gari la mafuta ya taa, pikapu ya dobi, gari la barafu lililokuwa likichukua samaki mwaloni kule ziwani. Alipiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, akashika brashi, akaandika bila kuinua mkono mpaka herufi iishe. Alipenda kusema kwamba herufi lazima ishibe. Akiona nyembamba mahali anauliza hii nayo imelala njaa? Mwenye studio moja ya picha pale Igogo alimwita amchoree pazia la ukutani lenye ndege, ngazi na maua, na walipofika kwenye malipo, Mzee Salum akasema hataki kitu, amfundishie binti yake kazi. Ndivyo Najat alivyoingia chumba cha giza akiwa ametoka tu darasa la saba, na mwenye studio alipohama mji, studio ikabaki mikononi mwake.

Mzee Salum alifariki kabla mambo hayajafunguliwa sawasawa, na pengine Mungu alimhurumia, maana baadaye yakaja magari ya Japani. Yalishuka na maandishi ya kwao ubavuni, kama kuku amepita kwenye majivu, na hakuna aliyethubutu kuyafuta. Kuyafuta ni kufuta ushahidi kwamba gari limetoka Japani moja kwa moja, halijazurura Dar. Gari linabeba minofu ya sangara, ubavuni limeandikwa kitu ambacho huenda ni tangazo la duka la maua au la mazishi, nani ajue. Watu wazima na akili zao walikuwa wanayaosha yale maandishi kwa sabuni kila Jumapili.

Najat naye aliyachukulia hivyo hivyo, kama kichekesho, mpaka siku moja alipopita kwenye uwanja wa vyuma chakavu karibu na reli. Walikuwa wanalikata lori la soda kwa moto wa gesi. Lile lori alilijua tangu mtoto. Utotoni alikaa juu ya kreti akimwangalia baba yake akiliandika. Sasa moto ulikuwa unapita katikati ya herufi zile nene nyekundu, rangi inajikunja na kudondoka. Hakuwa na kamera. Alisimama pale mpaka wakata vyuma wakamuuliza kama ana mzigo wa kuuza. Alirudi nyumbani na uchungu ambao hakuusikia hata siku ya mazishi, kwa sababu siku ya mazishi kulikuwa na watu wa kumshika.

Kuanzia hapo akawa anayatafuta magari ya baba yake. Aliyatafuta gereji, nyuma ya maghala ya chama cha ushirika, kwenye nyua za watu ambako yaligeuka kuwa mabanda ya mbuzi. Mengi alichelewa. Mengine yalishapakwa rangi na watu waliokuja baadaye, au kutu ilikuwa imekula ubavu wote na kuacha mkia wa herufi moja. Aliyapiga hivyo hivyo. Na polepole likamtokea jambo ambalo hakulitegemea: akaanza kuyapenda magari yenyewe, hata yale ambayo baba yake hakuyagusa. Aliyapiga kama anavyopiga bibi harusi. Haharakishi. Anazunguka, anasubiri jua lishuke, anatafuta upande ambao gari lenyewe linajisikia vizuri. Maabara mpya za mjini zilikuwa zinatoa picha za rangi kabla hujamaliza soda yako, lakini yeye aling'ang'ania nyeusi na nyeupe, akizisafisha mwenyewe katika chumba chake cha giza, kubwa kama meza. Katika picha zile taa za lori zilikuwa macho ya mtu aliyefanya kazi maisha yake yote na sasa amekaa kitako.

Mwalimu Pius, aliyekuwa anafundisha sanaa chuo cha ualimu Butimba, aliingia studio siku moja kutaka picha za kitambulisho. Akaliona gari la barafu ukutani. Hakukaa kwenye kiti, hakuchana nywele, alisimama mbele ya ile picha mpaka Najat akaanza kupata wasiwasi. Alipomaliza akauliza kama ziko nyingine. Najat akamletea bahasha nzima. Mwalimu alisema anataka kuzitundika ukumbini chuoni ili walimu watarajiwa waone kwamba sanaa haianzi na kuisha kwenye twiga wa kuchonga. Najat akakubali, akaomba asubiriwe kidogo tu. Ilikuwa imebaki picha moja, na bila hiyo, alisema, zote zilizobaki ni utangulizi.

Picha hiyo ilikuwa ya gari la mkate.

Gari la mkate la Tanuri Jipya lilikuwa la zamani kuliko barabara nyingi lilizopita, na jina lake bado lilikuwa Tanuri Jipya. Kila asubuhi lilipita mbele ya studio likienda Butimba mpaka Buhongwa, na dereva wake, Mzee Chenge, akampungia Najat mkono. Wakati wa shida ya vitu watoto walilikimbilia, mama zao wakalikimbilia, hata wenye heshima zao walitembea haraka haraka wakijifanya wanaenda kwingine. Ubavuni liliandikwa TANURI JIPYA, MKATE LAINI. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya Mzee Salum. Aliifanya mwaka mmoja kabla hajafa, na ndiyo pekee iliyobaki nzima, bila kuguswa na mtu. Herufi zake zilitetemeka. Zilianza na nguvu, zikaegemea, zikanyooka tena, na Najat alizipenda kuliko zile nene za ujana kwa sababu humo aliuona mkono wa baba yake ukizeeka. Sasa mtu atauliza, kwa nini basi hakulipiga mapema? Lilikuwa linapita kila siku. Nani anapiga picha kitu kinachomsalimia kila asubuhi?

Halafu likaacha kupita. Tanuri lilifungwa. Hapakuwa na wa kulaumiwa; kila mtaa ulikuwa na mtu wake wa kuoka, na mikate ya mifuko ya nailoni ilikuwa madukani wakati wote. Mwenye tanuri alimpa Mzee Chenge lile gari kama kiinua mgongo chake, na mzee akalipeleka kwake Buhongwa akaliegesha kando ya nyumba. Najat aliposikia kwamba wanunuzi wa vyuma wameshaanza kumtembelea, hakulala vizuri. Asubuhi alifunga studio akaenda.

Alimkuta mzee anapukuchua mahindi na mkewe Teodora. Akawaamkia, akaitikiwa, akapewa kigoda, zikaulizwa habari za nyumbani na za kazi na za mvua. Gari lilikuwa pale pale, limepauka, kuku wanaingia na kutoka chini yake, na zile herufi zipo. Najat alihisi moyo umetulia. Alieleza shida yake: anaomba kulipiga gari picha ya ukumbusho, picha itakayotundikwa Butimba watu waje kuiona. Kama mzee hana neno, hata leo, kamera anayo begani.

Mzee Chenge aliweka gunzi chini. Aliinuka, akalizunguka gari, akasimama ubavuni.

"Hao watu wa chuo," akauliza, "wataziangalia hizi herufi?"

"Hizo ndizo hasa wanazokuja kuziangalia, mzee. Ni mkono wa baba."

Mzee alitikisa kichwa polepole kama anayekubali kitu kingine. Akasema leo hapana. Gari halijajiandaa. Aje Jumamosi ya wiki ya pili. Najat alitaka kusisitiza, lakini aliona aibu kumng'ang'aniza mtu mzima kwake, tena mtu aliyekuwa rafiki wa baba yake, na mzee alimwahidi mbele ya Teodora kwamba hakuna mnunuzi wa vyuma atakayeligusa. Akaondoka na moyo mweupe.

Hapo ndipo alipoteleza, na aliyepaswa kujua kuliko wote ni yeye. Kwetu picha ya ukumbusho si jambo la kushtukizana. Mtu anaoga. Anapaka mafuta mpaka magoti yang'ae, anaazima saa, anapiga pasi suruali hata kama picha itaishia kifuani. Najat mwenyewe alikuwa akiwarudisha nyumbani watu waliokuja na nguo za kazi, akiwaambia picha itakaa kuliko wewe, nenda kavae. Miaka yote hiyo aliwafundisha watu wa Igogo, Butimba na Buhongwa kwamba mbele ya kamera hakuna kuonekana umechoka. Halafu akaenda kwa mstaafu mwenye heshima zake, akamwambia gari lako litapigwa picha liangaliwe na walimu, akadhani atalikuta kama alivyoliacha.

Jumamosi hiyo alifika jua likiwa limeanza kuinama, mwanga anaoutaka yeye. Aliliona kabla hajafika uani. Lilikuwa linang'aa. Lilipigwa msasa mwili mzima, likapakwa bluu ya mafuta na mkanda wa rangi ya maziwa, magurudumu yamepakwa nyeusi, taa zimesuguliwa. Mzee Chenge alikuwa amesimama kando yake na koti, Teodora na gauni la kanisani, wajukuu wamepangwa kwa urefu. Na ubavuni, juu ya rangi mbichi, TANURI JIPYA, MKATE LAINI, nyekundu mpya kabisa, zimenyooka.

Najat alisalimia, sijui ilitoka sauti gani. Akasema anakwenda kuangalia mwanga upande wa pili. Alipofika nyuma ya gari, mahali ambapo hawakumwona, alishika ule mlango wa kupakulia mkate na machozi yakamtoka bila mpango. Alilia kwa hasira pia. Alijikasirikia yeye, alilikasirikia koti la mzee, aliikasirikia hata ile rangi iliyokuwa inanuka upya. Baba yake alikuwa amebaki mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe pamepigwa msasa.

Mzee Chenge alimfuata. Alipomwona vile alimwambia Teodora awaingize watoto ndani kwanza. Akakaa kwenye ngazi ya gari, akangoja. Najat, kwa vile adabu haikumruhusu kumgombeza, alimwambia tu ukweli: zile herufi za zamani ndizo alizozifuata. Zilikuwa za mwisho za baba. Hata kutetemeka kwake alikuwa anakutaka.

Mzee alitoa leso yake, akaikunja na kuikunjua.

"Mwanangu, zile hazikuwa za Salum," akasema. "Zilikuwa zangu."

Akamweleza. Miaka ile ya mwisho Mzee Salum alikuwa haoni. Si ukungu kidogo, si miwani, alikuwa haoni. Aliwaficha wote. Nyumbani alipapasa ukuta akasingizia magoti. Kazi nyingine alizikataa kwa visingizio, lakini gari la mkate alikuwa analiandika upya kila mwaka kabla ya Idi, na mwenye tanuri alimtegemea. Basi Chenge alikuwa anampitia asubuhi, anampandisha kiti cha mbele na makopo yake, wanakwenda kuegesha nyuma ya ghala ambako hakuna mpita njia. Salum anakaa juu ya debe. Chenge, ambaye alisomea herufi ngumbaru akiwa mtu mzima na mwandiko wake ulikuwa wa kuchekesha, anashika brashi. Salum anaongoza kwa mdomo tu, na kwa kidole anachora hewani.

"Alikuwa ananiambia, panda nayo. Usiogope, panda. Sasa pumzika, haikimbii. Tumbo hilo, Chenge, jaza tumbo. Umelijaza? Namwambia nimelijaza. Anasema muongo wewe, nasikia brashi ilivyo kavu."

Najat alicheka katikati ya machozi. Ilikuwa ni sauti yenyewe. Mzee Chenge alikuwa Msukuma na lafudhi yake nzito, lakini maneno yalitoka kwa mpigo wa Salum, pale pale anapovuta, pale pale anapochokoza. Tangu baba yake afe hakuna aliyemletea neno lake jipya hata moja. Akamwomba aendelee. Mzee akainua kidole akaandika hewani M ya mkate, anashuka, anapanda, akisema yote aliyoambiwa, na Najat akasahau kwamba ana kamera begani.

"Zilinitoka mbaya," Mzee Chenge akasema mwishoni. "Mwaka ule wa mwisho alizipapasa rangi ilipokauka, akasema zinatosha. Alinihurumia tu. Sasa wewe ukaja unasema walimu watazitazama, na kwamba ni mkono wa Salum. Ningekubalije achekwe kwa mkono wangu? Nikajifunza. Nimeandika kwenye bati nyuma ya nyumba mpaka Teodora akachoka na mimi. Hizi za sasa, naona angezikubali."

Najat alitoka nyuma ya gari akazitazama upya. Hazikuwa za Salum. Mtu aliyezijua angejua. Lakini zilikuwa zimeshiba, kila moja na tumbo lake, na mtu aliyeziandika alikuwa amemsikiliza fundi wake kwa miaka ambayo fundi mwenyewe hakuwepo. Wajukuu wakaitwa, Teodora akarudi mahali pake, na Najat akapiga.

Ukumbini Butimba, Mwalimu Pius aliichukua ile picha mkononi akasita. Alisema kwa upole kwamba haifanani na nyingine. Zile zote zimechakaa na hii imetoka saluni. Najat akamjibu kwamba itakaa katikati au zote zirudi Igogo. Ikakaa katikati. Chini ya kila picha palibandikwa kikaratasi chenye jina la gari na la aliyeliandika. Kwenye gari la mkate Najat aliandika Salum wa Igogo na Chenge wa Buhongwa, na aliona raha kuyaona majina hayo yakikaa pamoja.

Siku ya kufungua, Mzee Chenge alifika mapema kuliko wanafunzi. Alisoma kile kikaratasi, kidole kikifuata mstari, halafu akamvuta Najat kando.

"Hili jina langu litoe."

"Lakini ndivyo ilivyokuwa, mzee."

"Nilimwahidi hatajua mtu. Wewe nimekwambia kwa kuwa ulikuwa unalia, na hapo tayari nimekosa."

Najat alimwambia kwamba baba amekufa siku nyingi, hakuna tena kazi ya kupoteza wala mteja wa kuficha. Mzee alimwangalia kama mtu anayeshangaa kwamba jambo rahisi hivyo linahitaji kuelezwa.

"Ndiyo maana nasema. Angekuwa hai ningekwenda kumwomba anifungue. Sasa nitamwomba wapi?"

Najat alikibandua kile kikaratasi, akaandika kingine chenye jina la baba yake peke yake, akakibandika mahali pale pale.

Watu wakaja. Walizunguka, wakanyoosha vidole, wakakumbushana nani alikuwa akiendesha nini na wapi lilikwama. Mbele ya gari la mkate walisimama wengi zaidi kuliko pengine popote. Kijana mmoja wa mwaka wa pili, mwenye daftari la michoro kwapani, alisogea karibu sana na picha, akaziangalia zile herufi moja moja, akauliza ni nani aliyeziandika vizuri hivi.

"Mzee Salum wa Igogo," Mzee Chenge akajibu kabla mtu mwingine hajafungua mdomo. "Mimi nilikuwa naendesha tu."

Kijana akaelekezwa kwa Najat kwamba huyo ndiye bintiye. Akampa mkono, akasema baba yako alikuwa fundi. Najat alimtazama Mzee Chenge, aliyekuwa amesimama wima na koti lake akisubiri asikie atakachosema.

"Asante," akasema. "Ni kweli. Alikuwa fundi."